Mwalimu wa Tarime Ameuliza

 Hapa Stockholm baridi imeanza kulegea, watu wametoka nje, na barazani kwa kila duka kubwa kuna mtoto anayeuza kiua kidogo cha kubandika kifuani. Nitakifikia kiua hicho baadaye. Kwanza nimjibu mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Tarime aliyeniandikia.

Mwalimu anasema ana wasichana darasani ambao ikifika Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa ukeketaji, halali vizuri kwa ajili yao. Ana wengine wanaokuja bila daftari. Mshahara wake hauvuki tarehe ishirini. Amezunguka kutafuta mfadhili mpaka amechoka. Anauliza ninyi mlioko kwa wenye nazo mnasaidianaje, na sisi tusio nazo tuanzie wapi.

Mwalimu wangu, naomba nikupeleke mlangoni mwa duka la vyakula. Huku ukinunua soda ya kopo au ya chupa ya plastiki unalipa na amana juu yake, kama tulivyokuwa tukiacha dipoziti ya chupa dukani enzi zetu. Utaratibu wa makopo ulianza mwaka 1984, wa chupa za plastiki ukafuata 1994. Watu huyaweka makopo matupu kwenye mfuko jikoni, na siku ya kwenda dukani huubeba. Mashine iko ukutani, ina tundu la duara. Unaingiza kopo, linazungushwa ili alama zake zisomwe, unalisikia likipondwa huko ndani, na kwenye kioo hela yako inapanda. Ukimaliza, kuna vitufe viwili. Kimoja kinakupa risiti ukalipwe kaunta. Cha pili kinaichukua hela ile na kuipeleka kusaidia watu. Jumamosi iliyopita nilisimama nyuma ya mzee mwenye mfuko mkubwa wa makopo. Akabonyeza kitufe cha pili, akaukunja mfuko wake vizuri, akaingia ndani kununua maziwa. Hakuna aliyempigia makofi, wala yeye hakugeuka kuangalia kama kuna aliyemwona.

Katika maduka ya ushirika ya Coop, hela za kitufe hicho huenda kwa mashirika mawili, We Effect na Vi-skogen. Hili la pili watu wa Musoma mnalifahamu kama Vi Agroforestry. Lilianza mwaka 1983 kwa michango ya wasomaji wa gazeti la hapa liitwalo Vi, waliosoma habari za ardhi iliyokuwa ikichakaa Afrika Mashariki. Miche ya kwanza ilipandwa West Pokot, Kenya. Baadaye kazi ikaenea Masaka kule Uganda, na kufikia mwaka 1994 ilikuwa imeingia kwetu Mara. Wakulima wakafundishwa kilimo mseto: mgrevilea mpakani, sesbania katikati ya mahindi, matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo kwenda ziwani. Ukipita Musoma Vijijini ukaona mgrevilea uliosimama pembeni mwa shamba, huenda mche wake ulilipiwa na bibi mmoja wa Stockholm aliyekuwa na usajili wa gazeti na krona chache za kubaki.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kudhani msaada hutoka kwa matajiri. Uliofika shambani kwetu ulitoka kwa wasomaji wa gazeti. Walichokuwa nacho ni gazeti lililowaambia ukweli, mahali pa kupeleka hela, na desturi ya kutoa kila mara. Kitufe cha dukani kina nguvu kwa sababu kimewekwa njiani, pale mtu anapopita hata asipokuwa na moyo wa kutoa siku hiyo.

Kuna njia nyingine isiyohitaji hata senti, na hii sisi wa Mara tuna haki ya kuisimulia kwa kujivunia. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn jijini London, Julius Nyerere wa Butiama alikuwa miongoni mwa waliozungumza kwenye mkutano uliozindua mgomo wa kususia bidhaa za Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado inatawaliwa. Walichoomba siku ile ni kidogo mno: mtu akifika dukani, asinunue matunda yaliyotoka kwa makaburu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Sweden wakaanza mgomo wao, na mwaka 1979 vyama vingi vikaungana hapa kuisukuma nchi iitenge Afrika Kusini. Wapo wazee hapa Stockholm ambao hadi leo wanakumbuka kusimama mbele ya rafu ya machungwa, wakauliza yametoka wapi, wakayaacha. Wengine walipanga nguo za mitumba jioni baada ya kazi, zikafungwa marobota na kupelekwa kwa wapigania uhuru, wakiwemo wa chama cha ANC cha Afrika Kusini waliokuwa wakiishi kwetu Tanzania.

Tarehe 21 Februari 1986 Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, alisimama mbele ya umati wa watu wa vyama hivyo hapa Stockholm, kiongozi wa ANC Oliver Tambo akiwa ukumbini, akasema ubaguzi ule haurekebishiki, sharti ung'olewe. Wiki moja baadaye aliuawa barabara ya Sveavägen akitoka sinema na mkewe. Mwaka 1987 Sweden ikapiga marufuku biashara na Afrika Kusini. Serikali ilichelewa. Wanunuzi wa machungwa walikuwa wametangulia zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba kukataa kwake peke yake hakuna maana, namwuliza anadhani sheria ile ilianzia wapi.

Usidhani huku kila kitu kimenyooka. Kaskazini-magharibi mwa jiji, kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi ya rangi ya buluu, kuna mitaa ya Rinkeby, Tensta na Husby, ambako Waafrika wengi tunaishi. Mei 2013 polisi walimpiga risasi na kumuua mzee wa miaka 69 nyumbani kwake Husby, na siku chache baadaye magari yakachomwa usiku baada ya usiku. Wazazi ndio waliotoka nje wakawa wanatembea kati ya vijana na polisi. Desturi ya watu wazima kutembea mitaani usiku ilikuwepo Sweden tangu zamani, ila mitaani humo ilipata uzito mpya.

Mama mmoja mwenzetu, mzaliwa wa Mombasa, bado anatoka Ijumaa usiku. Anavaa kizibao cha manjano juu ya koti zito, chini ya koti buibui lake, na mkononi ana chupa ya chai ya tangawizi. Usifikirie sungusungu, hawabebi fimbo wala hawakamati mtu. Wanatembea wawili watatu kutoka kituo cha treni hadi uwanjani na kurudi, wanasalimia kila kijana kwa jina. Nilipomwuliza anafanya nini hasa, alinijibu, "Naonekana." Kijana anayemwamkia shikamoo saa tano za usiku haimwii rahisi kumchoma mtu kisu saa sita. Mwanawe mkubwa, fundi wa umeme, hukaa jioni moja kwa wiki maktabani akiwasaidia watoto hesabu. Hawa wawili hawana mfadhili wala ofisi. Ninawaheshimu kuliko watu wengi waliopewa vyeti.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu upo, Mwalimu, hata kama hapana mvuto: daftari la mhazini. Kile kiua nilichokitaja kinaitwa Majblomman. Kilianzishwa Göteborg mwaka 1907 na mama mmoja, Beda Hallberg, ili kukusanya fedha za kupambana na kifua kikuu. Leo kinauzwa na watoto wa shule kila Aprili, na fedha zake huwanunulia watoto wa familia zenye shida koti la baridi, miwani au baiskeli. Mtoto anayeuza anabaki na sehemu ndogo ya mauzo, na darasa lake linapata yake. Ana umri wa miaka tisa au kumi, na tayari anajua kwamba hela ya watu huandikwa na huhesabiwa mbele ya watu.

Watu wazima nao ni hivyohivyo. Mashirika yanayochangisha hujitolea kukaguliwa na chombo kilichoanzishwa mwaka 1943, na yaliyoruhusiwa hupewa akaunti inayoanza na tarakimu 90. Masharti yake ni kwamba angalau asilimia 75 ya mapato yafike kwenye kazi iliyotajwa. Bibi akiona 90 anatuma bila wasiwasi. Hata chama kidogo cha mtaa, chenye watu kumi na wawili na birika la kahawa, kina mkutano wa mwaka ambapo mkaguzi anasimama na kusoma hesabu, na wote wanasikiliza mpaka mwisho.

Na sisi tunayajua haya. Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mhazini, kadi za mchango, na mtu wa kukupigia simu hadi utoe. Ufundi huo tunao, na tunautumia kwa ukumbi, mpambaji na mapochopocho ya usiku mmoja. Mwalimu, nakuomba uite kamati ya namna hiyohiyo kwa ajili ya wasichana wako. Acha kumtafuta mfadhili kwa sasa.

Sheria iko upande wako tangu mwaka 1998, inayokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane. Nyumba salama zipo Masanga, Mugumu na Butiama, na msimu ukikaribia zinajaa. Zinachohitaji ni unga, maharage, sabuni, pedi, magodoro. Msichana anayekimbia usiku anahitaji mtu mwenye bodaboda atakayekubali kumbeba bila kumwuliza nauli, na anahitaji kujua mapema ni nani. Kwa hiyo tafuteni madereva wawili mnaowaamini, mmoja kila upande wa kijiji. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iandikwe nyuma ya kila daftari, na wewe umfahamu kwa jina askari wa dawati la jinsia. Mama ntilie wa sokoni anaweza kuweka kopo la sarafu pale watu wanapolipia chai, ili lifanye kazi ya kile kitufe. Aliyekwisha kuacha shule kwa mimba mwelekezeni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hapo Tarime. Vyuo hivyo vilianzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya hapa Sweden, na mpango wao wa Elimu Haina Mwisho unawapokea wasichana kama hao pamoja na watoto wao.

Mkishakaa mkachagua mhazini na mkaguzi, niandikie. Huku tupo watu wa Mara wa kutosha kujaza pipa la mafuta kila mwezi wa msimu kwa zile bodaboda mbili. Tutatuma kwa mhazini, si kwako, na Januari tutaomba mtusomee hesabu kwa simu, wote tukiwa tumekaa.

Ni mimi ndugu yenu wa Stockholm.