Sehemu ya 3: Umelala, umeamka, na bado umechoka

 

Baada ya sehemu ya pili inboksi ilijaa. Nimesoma zote, kujibu zote sijaweza. Lakini kuna sentensi moja imejirudia mno: "Nesi, mimi sina huzuni wala silii, mimi nimechoka tu." Mwingine kaniandikia hivyo saa nane usiku. Saa nane usiku umechoka na hujalala! Basi leo tuongelee kuchoka.

Ukikaa na sisi wiki moja tu upande wa wagonjwa wa nje, utagundua hakuna anayekuja akasema "nina sonona". Neno lenyewe wengi wanalisikia redioni tu. Mtu anakuja na mwili wake. Mwili hauna nguvu, miguu mizito, mgongo unawaka, kichwa hakitulii, nikilala ni kama sijalala. Anapimwa malaria, hana. Mkojo, safi. Anapewa panado na vitamini, anaondoka. Baada ya wiki mbili ni yuleyule, kwenye benchi lilelile, na safari hii anaomba dripu "ya kuongeza nguvu". Niseme wazi: dripu ya maji na sukari haitibu uchovu wa namna hii. Utajisikia umehudumiwa, na hela yako itakuwa imeenda.

Nikupe mfano. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asijulikane. Dada mmoja kutoka kijiji cha upande wa Chamwino, mama wa watoto wanne, aliletwa na mama mkwe wake mwezi wa kwanza. Wewe unayeishi huku unajua mwezi wa kwanza maana yake nini. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zikianza Desemba, kila mwenye jembe yuko shambani, maana mtama na uwele visipopaliliwa kwa wakati, mpaka mwakani. Mtu mzima anayeonekana amekaa mlangoni mwezi huo ana jina moja tu: mvivu. Na huyu dada alikuwa anakaa mlangoni. Anaamka, anafagia nusu ya uwanja, ufagio anauacha palepale, anakaa. Mume alikuwa ameshatamka kwamba wakimaliza kuvuna anamrudisha kwao.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia neno nikaweka kalamu chini. "Mwanangu, huyu si mvivu. Nimelima naye miaka saba. Alikuwa ananiacha nyuma."

Sikiliza hiyo kauli vizuri. Hawa mama wakwe tunawasema sana humu mitandaoni, lakini yule alifanya kazi ambayo hakuna mashine ya maabara inayoifanya: alimlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa zamani.

Juisi ya rozela yule dada alikuwa amekunywa mpaka basi. Tukapima, damu ipo. Mimba hana, sukari sawa, kipimo cha VVU hana, kikohozi hana. Nikamuuliza, "Dada, kabla ya haya ulikuwa unapenda nini?" Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema kwaya. "Na sasa?" Akasema, "Wakiimba nasikia kelele tu." Hakulia. Hakukunja uso. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya chumvi. Usiku alikuwa anashtuka saa tisa na usingizi haurudi tena mpaka kunakucha. Hali hiyo alikuwa nayo kwa miezi mitano.

Sasa wewe uliyeniandikia kwamba huna huzuni, hapa ndipo pako. Mwongozo wa kuainisha magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, ambalo wengi wetu tulisomea, unataja dalili kuu tatu za sonona. Moja ni huzuni. Ya pili ni kupotewa na hamu ya mambo uliyokuwa unayafurahia. Ya tatu ni kuishiwa nguvu, yaani kazi ndogo inakuchosha kama kazi kubwa. Na unahitaji angalau mbili kati ya hizo, pamoja na dalili nyingine kama usingizi kuvurugika, chakula kukushinda, kushindwa kutuliza akili au kujiona huna thamani, kwa wiki mbili au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na ya pili na ya tatu, asiwe na ya kwanza kabisa. Hajalia hata siku moja, na bado ni mgonjwa wa sonona. Hata ile karatasi ya maswali tisa tunayotumia kliniki, PHQ-9, swali lake la nne ni la uchovu. Siyo kitu cha pembeni.

Haraka haraka niseme na hili, nisije nikaleta balaa: usisome hapa ukajipa jina la ugonjwa. Uchovu una wazazi wengi. Upungufu wa damu, hasa kwa akina mama, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kifua kikuu, VVU, mimba changa, hata baadhi ya dawa. Hivyo vinapimwa kwanza. Na mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, damu imepungua na sonona ipo. Ninachokataa ni ile tabia ya kwamba vipimo vikitoka safi, basi "huna kitu". Vipimo safi havimaanishi huna kitu. Vinamaanisha tuendelee kuuliza.

Kwa nini sonona ichoshe mwili? Kwanza usingizi wake ni mbovu, hata ukiwa mrefu. Kuna anayeshtuka alfajiri kama yule dada, na kuna anayelala saa kumi na mbili na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Pili, akili isiyopumzika inatumia mtu. Tatu, na hii ndiyo inayotega: ukichoka unaacha kutoka, usipotoka hupati jua wala watu wala mazoezi, misuli inalegea, kesho yake kilekile kidogo kinakushinda. Unapumzika zaidi ili upate nguvu, na kupumzika huko ndiko kunakuzamisha. Mtu aliyechoka kwa kulima, usiku mmoja unamtosha. Wewe umepumzika mwezi mzima na hujarudi.

Wa mjini msijione mmesalimika. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 tumepata wageni wengi ambao familia zao zimebaki Dar. Kaka mmoja wa ofisini, chumba na sebule, televisheni na jiko la gesi, basi. Kila Ijumaa kwenye basi, Jumapili kurudi. Akasema uchovu ni wa barabara. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma 2024, safari ikawa fupi, akasubiri nguvu zirudi. Hazikurudi. Kumbe haikuwa barabara. Alikuwa ameacha kupika, wikiendi nyingine anazima simu na kulala hadi Jumatatu, nyumbani anasema yuko kikazi. Huyu alikuja mwenyewe, na nilimpongeza, maana wanaume wengi huwa tunawapata wameshaanza kuutibu uchovu kwa pombe. Pombe inalaza, lakini inaharibu usingizi na inaongeza sonona.

Najua unachoogopa. Tanzania nzima ukitamka "Mirembe" watu wanacheka, imekuwa tusi. Sisi wa Dodoma ndiyo kabisa, hutaki hata jirani akuone umeshuka kituo hicho. Lakini pale kuna kliniki ya wagonjwa wa nje. Mtu anaonana na daktari na jioni yuko kwake anasonga ugali. Na wengi wala hamhitaji kuanzia huko. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ila mwambie mhudumu maneno kamili. Usiseme "nimechoka" ukaishia hapo. Sema: nimechoka kwa miezi kadhaa, usingizi wangu uko hivi, nilikuwa napenda kitu fulani na sasa sikipendi.

Matibabu ni mazungumzo, dawa kwa wanaohitaji, na kuanza kujongea kidogo kidogo. Zimbabwe kuna Profesa Dixon Chibanda, daktari wa akili, ambaye tangu 2006 amewafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu, kisha kuwasaidia kuchagua tatizo moja tu la kuanza nalo. Mpango huo ulifika hadi Zanzibar. Tatizo moja, siyo yote. Yule dada wa Chamwino tulikubaliana kitu kimoja: kila asubuhi atembee na mama mkwe hadi shambani, bila jembe. Kufika tu na kurudi. Mume aliitwa, akaelezwa, alinyamaza muda mrefu. Dawa alianzishwa na daktari.

Kuhusu dawa, amitriptilini na fluoksetini ndizo mtakazozisikia zaidi. Hazifanyi kazi kama panado. Wiki mbili za mwanzo unaweza kupata kinywa kikavu au kichefuchefu na uchovu uleule, na hapo ndipo wengi wanaacha. Nafuu huja taratibu, wiki ya pili hadi ya nne, wengine zaidi. Usiache wala kupunguza bila kuongea na aliyekuandikia.

Na nyie mnaoishi na mgonjwa, hili ni lenu. Tunafundishwa kuwa macho zaidi pale mgonjwa anapoanza kupata nguvu, kwa sababu mara nyingine nguvu hurudi kabla ya matumaini. Mtu aliyekuwa hawezi hata kunyanyuka sasa anaweza, na mawazo ya kufa bado hayajaondoka. Kwa hiyo akianza kufagia uwanja mzima, furahini, ila msimwache peke yake. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndiyo, dawa za mifugo na za shamba zitoke ndani ya nyumba siku hiyohiyo, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kliniki ya Jumatatu.

Mnaoniuliza kuhusu yule dada: msimu ule hakulima. Alikuja kuvuna, mwezi wa sita, nusu siku nusu siku. Yuko kwake.

Sehemu ya 4 ni ya usingizi, maana maswali ya saa tisa usiku yamekuwa mengi. Uchovu wako umeanza lini? Niandikie inboksi, usiweke hapa chini kama hutaki ndugu zako wasome.