Gari Lilipogoma Alfajiri

Umewahi kumpakata mtoto anayetafuta pumzi huku gari limekataa kuwaka? Hapa Milimani, chini ya Menengai, baridi ya alfajiri haina huruma kwa betri. Nilizungusha ufunguo, likalia "ta!" mara moja, taa zikafifia. Jirani yangu, ambaye hakosi jibu, akasema stata imekufa. Bahati nzuri tuna mteremko. Tulilisukuma, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi ghafla, likanguruma hadi hospitalini. (La otomatiki usilijaribu hivyo.)

Mtoto alipotulia, nilifungua boneti. Zile taa kufifia zilikuwa zimenidokezea: umeme haufiki. Kumbe vichwa vya betri vilikuwa vimevaa unga mweupe! Na fundi mmoja alikuwa amekwisha kunitajia bei ya betri mpya. Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, nikavimwagia vichwa maji moto, nikasugua kwa brashi, nikakausha, nikarudisha chanya kwanza, nikakaza kwa spana. Likawaka mara moja.

Siku hizi, kila Jumamosi jioni nikivikagua, anayenishikia tochi ni mwanangu mwenyewe.