Sajini, Mwanawe na Kompyuta Iliyozimika

Askari aliyefunzwa vema hamtii mtu hatiani kabla ya kumsikiliza. Jambo hilo sajini mmoja wa polisi, aliyekaa na jamaa yake katika kambi moja ya jijini Kampala, alikuwa amewafundisha vijana wa kazi kwa miaka mingi. Hata hivyo, katika mwaka wa 2021 alilisahau nyumbani mwake mwenyewe. Na kilichomkumbusha hakikuwa amri ya mkubwa wake, bali kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya meza karibu na mlango wa jikoni.

Mwaka huo ulikuwa mgumu kwa wazazi wote wa Uganda. Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, zikafunguliwa kwa mafungu, kisha zikafungwa tena tarehe 7 Juni 2021, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Sajini, alipoona watoto wake wanaanza kusahau kusoma, alikopa fedha katika chama cha akiba akanunua kompyuta iliyokwisha tumika. Ilikuwa imetengenezwa mwaka wa 2008. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa gigabaiti 2 tu. Kadi ya picha ya peke yake haikuwamo. Picha zilichorwa na kidude kidogo kilichobandikwa katika ubao mkuu wa mashine, nacho kilikopa sehemu ya kumbukumbu hiyo hiyo haba. Hayo yote mnunuzi hakuyauliza. Aliuliza kama inawaka, akaonyeshwa kuwa inawaka, akalipa.

Kwa muda mashine ilifanya kazi yake. Kijana wa miaka 14 alisomea humo, binti wa miaka 9 alijifunza kupiga chapa, na mama yao, aliyekuwa mtunza fedha wa chama cha wanawake wa kambi, aliandika humo hesabu za michango. Kisha mjomba wa watoto aliyeko Nairobi akamnunulia kijana mchezo uitwao Minecraft. Mchezo huo ulianzwa na Markus Persson wa Sweden mwaka wa 2009 na kutolewa rasmi mwaka wa 2011. Ndani yake mna ulimwengu wa matofali ya mraba, na mchezaji huchimba, hukusanya na kujenga apendavyo. Ndugu hao wawili, ambao shule yao ilikuwa imefungwa kwa kufuli, wakajenga shule yao wenyewe: madarasa sita, bweni, bustani ya mboga, na kengele mlangoni. Kila jioni, masomo yakiisha, waliongeza kitu.

HUKUMU YA HARAKA

Mwezi wa Juni mchezo ukakataa kufunguka. Kijana alihangaika nao, akabadili hiki na kile, akaufungua kwa siku moja, ukaanguka tena. Baadaye likazuka jambo kubwa zaidi: kompyuta nzima ilianza kuzimika ghafla, kioo kikawa cheusi pasipo neno lolote. Jioni moja ya mwezi wa Agosti ilizimika mama alipokuwa akimaliza hesabu za mwezi, na kazi ya saa mbili ikapotea.

Sajini alirudi kutoka zamu akamkuta mkewe amejiinamia. Hakuuliza mengi.

"Ni mchezo wako huo," alimwambia kijana. "Umeiua mashine ambayo deni lake bado nalilipa."

"Baba, mimi sikuwa—"

"Nyamaza. Mchezo huo usiguswe tena."

Kijana alinyamaza, na kunyamaza kwake kukaendelea siku nyingi. Alikula akatoka, akajibu alipoulizwa tu. Mwishowe alipelekwa kwa shangazi yake upande wa pili wa kambi, amsaidie kulea mtoto mchanga kwa wiki moja. Baba akadhani kwamba utulivu umerudi. Lakini katika wiki hiyo, kijana akiwa hayupo na mchezo haujafunguliwa hata mara moja, kompyuta ilizimika mara tatu mikononi mwa mama.

"Baba watoto," mama alisema kwa upole, "mshitakiwa yuko kwa shangazi. Sasa ni nani anayeizima?"

Sajini hakuwa na jibu.

VIFO VITATU

Siku ya pili yake alimwita konstebo mmoja wa kike, jirani yao, aliyefanya kazi katika mitambo ya mawasiliano. Konstebo huyo hakuigusa mashine kwanza. Alikaa akauliza.

"Afande, hiyo mashine hufa vipi? Maana si kila kifo ni kimoja."

Akaeleza kwamba mchezo ukikataa kuanza kabisa, hilo ni jambo la kwanza, na aghalabu maana yake ni kuwa mashine haina kifaa au uwezo ambao mchezo unaudai. Mchezo ukianza vizuri, kisha baada ya muda ukaanguka wenyewe ilhali kompyuta ingali hai, hilo ni jambo la pili, na mara nyingi kisa chake ni upungufu wa kumbukumbu. Lakini kompyuta yenyewe ikizimika ghafla, kana kwamba mtu ameng'oa waya, hapo pana jambo la tatu, nalo hutafutwa katika umeme au katika joto. Anayeyachanganya matatu hayo huweza kutibu moja, akaona mawili yamebaki, akadhani hajatibu kitu.

Sajini aliposikia hayo alimwagiza binti akamwite kaka yake. Kijana alikuja, akasimama mlangoni.

"Keti," baba alimwambia. "Eleza yote tangu mwanzo. Hakuna atakayekukata kauli."

Kijana akaeleza. Mwezi wa Juni mchezo ulipokataa, ulitoa ujumbe uliotaja OpenGL. Baada ya hapo aliuongezea mchezo kibali cha kumbukumbu mpaka gigabaiti moja na nusu, akidhani kwamba ukipewa zaidi utapata nguvu zaidi. Ama kule kuzimika kwa mashine nzima, hakujua kisa chake. Naye alikuwa ameogopa kusema kwamba iliwahi kuzimika hata akisoma jiografia.

DAFTARI LA MASHINE

Konstebo alifungua sehemu ya kompyuta ambayo watu wa nyumbani hawaifungui mara nyingi. Humo mashine huandika matukio yake, tarehe na saa, kama vile kituo cha polisi kinavyoandika katika daftari lake. Kila ilipozimika pasipo utaratibu, ilipowashwa tena iliandika tukio la namba 6008, pamoja na saa iliyozimika. Sajini alivaa miwani akasoma mistari ile mmoja baada ya mwingine. Mitatu ilikuwa ya wiki ambayo kijana alikuwa kwa shangazi. Mwingine ulikuwa wa saa nne asubuhi, saa ambayo kijana alikuwa kisimani pamoja naye.

Hata hivyo konstebo aliwatahadharisha. Umeme ukikatika, mashine huandika tukio lile lile. Kwa hiyo shahidi mmoja hakutosha. Mama akathibitisha kwamba mara zote tatu taa ya chumbani ilikuwa ikiwaka, na redio iliyochomekwa pamoja na kompyuta ilikuwa ikisema. Basi umeme haukukatika. Likabaki joto.

Wakaizima mashine, wakaing'oa waya, wakabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, wakaitoa nje wakaifungua. Ndani palikuwa na blanketi la vumbi la kijivu. Mlango wa jikoni ulikuwa karibu, na jiko la makaa lilipopepewa kila siku, majivu mepesi yalivutwa na feni yakaziba mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujizima ili isiungue. Kuzimika kule kulikuwa ni kujiokoa. Wakasafisha kwa brashi laini, huku kijana akiishika feni kwa kidole isizunguke. Konstebo alifuta uji mkavu wa kupitisha joto uliokuwa juu ya prosesa, akapaka mpya. Meza ikahamishiwa upande wa dirisha, mbali na jiko.

Kijana alitaka kujaribu mchezo papo hapo. Konstebo alikataa. "Tubadili kitu kimoja, tukingoje. Tukibadili vitatu pamoja na mashine ikapona, hatutajua dawa ni ipi." Kwa siku mbili nzima mama pekee aliitumia mashine kwa hesabu zake. Haikuzimika.

KIPIMO CHA MZIGO

Ndipo wakaurudia mchezo. Kisa cha kifo cha kwanza kilikuwa wazi: tarehe 8 Juni 2021, siku moja tu baada ya shule kufungwa, lilitolewa toleo la 1.17. Programu inayoufungua mchezo, isipoelekezwa vingine, huchukua toleo jipya yenyewe. Toleo hilo lilidai chombo cha picha kifahamu OpenGL ya kiwango cha 3.2, yaani namna ya maagizo ambayo mchezo hutumia kukiambia chombo hicho kichore nini. Kidude cha mwaka wa 2008 hakikufikia hata 3. Hapakuwa na ugonjwa. Askari mkongwe aliagizwa kwa lugha ambayo hakufundishwa.

Dawa yake haikudai fedha. Mchezo huo huruhusu kuchagua matoleo ya zamani, na la mwisho kabla ya 1.17 lilikuwa 1.16.5. Kabla ya kulichagua, waliinakili shule ya watoto katika diski ndogo ya mfukoni, kwa kuwa ulimwengu uliokwisha kufunguliwa kwa toleo jipya huweza kuharibika ukifunguliwa kwa la zamani. Kwa bahati njema shule ile ilikuwa haijafunguliwa kwa toleo jipya, maana toleo hilo halikuwahi hata kuanza.

Kikabaki kifo cha pili. Katika jalada la mchezo mna ripoti za kuanguka, kila moja na saa yake na maelezo ya kisa. Watengenezaji wameweka humo hata mstari mmoja wa mzaha, jambo ambalo halikumchekesha Sajini. Lakini chini yake palisemwa wazi kwamba kumbukumbu imekwisha. Kijana alikuwa ameupa mchezo gigabaiti moja na nusu kati ya mbili, na nusu iliyobaki haikuutosha mfumo wa kompyuta pamoja na chombo cha picha. Wakateremsha kibali kikawa gigabaiti moja.

Kisha wakapunguza umbali wa kuona. Hapo kijana alichukua kalamu akamfanyia baba yake hesabu. Ulimwengu wa mchezo hugawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja matofali 16 kwa 16. Ukiambiwa uone vipande 8 kila upande, mraba wote ni vipande 17 kwa 17, yaani 289. Ukiambiwa uone vipande 4, mraba ni 9 kwa 9, yaani 81. Umbali umepungua kwa nusu, lakini mzigo umeshuka chini ya theluthi. Wakaondoa mawingu, wakachagua picha za haraka badala ya picha za madaha. Kila badiliko waliliandika katika daftari la shule, tarehe na matokeo.

Siku ya tano mchezo ulifunguka, ukakaa saa nzima usianguke. Haukwenda kwa kasi, na milima ya mbali ilimezwa na ukungu. Lakini madarasa sita yalikuwapo, na bustani, na mlango. Binti akaigonga kengele.

Sajini alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Mwanangu," alisema, "nilikuhukumu pasipo kukusikiliza. Huko kazini ningemkemea konstebo aliyefanya hivyo. Unisamehe."

Kijana aliinamisha kichwa. "Yamekwisha, Baba." Usiku ule alikula pamoja na wenzake, akazungumza mpaka mama akawakumbusha kulala.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari 2022, kompyuta ilibaki kwa hesabu za chama na kwa michezo ya siku za mapumziko. Daftari lile lingali karibu nayo. Katika ukurasa wake wa kwanza Sajini ameandika kwa mkono wake maswali ambayo mzazi yampasa kuyauliza kabla ya kununua mashine iliyokwisha tumika: imetengenezwa mwaka gani, ina kumbukumbu kiasi gani, picha zake huchorwa na nini, na ndani yake kumesafishwa lini. Chini yake ameandika maswali ya siku mashine inapokufa: imekufa kifo gani kati ya vitatu, saa ngapi, na nani alikuwapo.

Mstari wa mwisho hauhusu kompyuta. Unasema kwamba mtoto naye aulizwe, na apewe nafasi ya kumaliza kusema.