Ami na ile fulana ya njano

Haya jamani, nimerudi. Samahanini kwa kimya, majaribio yalitubana vibaya, halafu nikakimbilia huku kwetu Nungwi nikisema nipumzike siku tatu. Kupumzika kwenyewe ndio huku ninakotaka kukuhadithieni.

Wenzangu wa darasani mnajua muhula huu kila mmoja ametakiwa atoe makala kwenye gazeti letu la darasa. Kwa msiolijua, si gazeti la kutisha. Kurasa nane, tunalipanga wenyewe kwenye kompyuta za chuo, tunachapa, tunabana pini, tunagawana. Lakini uone jina lako limepigwa chapa chini ya kichwa cha habari! Mie nakala yangu ya kwanza nililala nayo, msinicheke.

Mwalimu alitwambia tusijione wa mwanzo. Hapa hapa Unguja, mwaka 1888, skuli ya wamisheni ya Kiungani ilianza kutoa gazeti la Kiswahili likiitwa Msimulizi, na habari zake zikitoka kwa wanafunzi, walimu, na wale waliokwisha kumaliza wakapelekwa kufundisha bara, wakileta barua za huko waliko. Na mwaka mmoja kabla, 1887, mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, alichapisha London kitabu kizima cha habari za maisha ya vijana wa pale, watoto waliopita utumwani. Wao waliandika, yeye akatia Kiingereza. Nikanyoosha mkono nikauliza, je, kuna aliyewauliza kama wanataka mambo yao yasomwe Ulaya? Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, halafu nikatoka nikaenda kufanya yale yale.

Ami yangu ni fundi wa majahazi, hapa pwani. Nilikwenda kumhoji habari za kazi yake tu: mkuku, mataruma, kukalafati kwa pamba, na sifa ile inayonuka mpaka ndotoni. Nikawa naandika. Mara akanyamaza, akatazama baharini, akaanza kunambia habari za Septemba 2011.

Mnaijua. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10, MV Spice Islander ilikuwa inakwenda Pemba ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Mie nilikuwa mdogo, nakumbuka watu wamejaa pwani, na mabibi wanatoa kanga zao wawafunike watu. Mwanzo ilisemwa waliokufa ni kama mia mbili. Ripoti ya tume ilipotoka Januari 2012 ikasema waliopanda walizidi 2,000, kwenye meli iliyoruhusiwa abiria kama 600, na zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Hawakuonekana, yaani hakuna maiti, hakuna kaburi.

Ami alikuwa miongoni mwa waliotoka na vyombo. Alinambia walikuta watu wamekumbatia magodoro. Akanambia kulikuwa na kijana mmoja, kavaa fulana ya njano yenye maandishi mgongoni, na akanitajia maandishi yenyewe. Alimshika mkono. Upande wa pili mwanamke akapiga kelele ana mtoto, ami akageuka kumshika mtoto, aliporudisha macho yule kijana hayupo.

Niliyaandika yote. Jina la ami, fulana, maandishi ya mgongoni. Mwalimu akanipa alama ambayo sijawahi kuipata, akasema nikiitengeneza kidogo ataipeleka kwenye gazeti la mjini, na kwamba ile fulana ndiyo inayoibeba makala yote.

Basi juzi nikaja na nakala yangu kwa majivuno. Macho ya ami siku hizi hayaoni vizuri, akasema nisomee. Nikasoma tumekaa barazani. Penye mataruma alikuwa anacheka, akanisahihisha mara mbili (kumbe nimeandika ujinga kuhusu keekee, nitaomba radhi toleo lijalo). Nilipofika kwenye fulana sauti ikaanza kunikwama. Nikamaliza. Kimya.

"Hayo nilikwambia wewe," akasema. "Sikuiambia karatasi."

Nikamwambia, ami, ulikuwa unaona ninaandika. Akasema, "Nilikuona unaandika habari za jahazi." Kisha akaniuliza, gazeti hilo la mjini, Pemba linafika? Nikamjibu linafika. "Basi mama yake yupo huko, kama hajafa. Fulana ile huenda kaifua yeye. Akutane nayo dukani kafungiwa sukari?"

Nikajaribu kujitetea, maana ndivyo tunavyofundishwa. Nikasema, huenda mama huyo miaka yote hii anangoja mtu amwambie mwanawe alionekana wapi mara ya mwisho. Na bado naamini hilo lina ukweli. Ami akafikiri sana, mpaka nikadhani nimemshinda. Akasema, "Akija hapa nitamwambia kwa mdomo wangu, nitamketisha kwanza."

Usiku sikulala. Nimeifuta fulana, nikaisoma makala, imepwaya, nikairudisha. Nikafuta maandishi ya mgongoni tu nikaacha rangi. Halafu nikaona najidanganya, nikafuta vyote. Imebaki "kijana mmoja". Makala imekuwa nyepesi, sikufichi, mwenyewe naiona.

Asubuhi baada ya sala ami akaniuliza nimefanyaje. Nikamweleza, nikamwuliza na jina lake nilitoe?

"La, langu liache. Mie nilikuwepo."

Sasa niko kituoni nangoja gari ya 116, jua linawaka, kuna watalii wawili wananiuliza nauli kama mimi ndio konda. Jumatatu saa nne nakwenda kwa mwalimu na makala isiyo na fulana. Akiikataa, itabaki kwenye zile kurasa nane, ambazo nakala zake ishirini na kitu mnazo nyinyi. Na hapo ndipo ninapowaomba: mlio nazo, hasa mnaotoka Wete na Mkoani, msizipeleke nyumbani. Nirudishieni, nitakuchapieni nyingine.