Kigari cha Mtoto Chafika Ukweni

Ukiolewa na Mhaya, siku moja utapelekwa tu kwao ukaonwe. Zamu yangu ilifika binti yetu akiwa na miezi minne, nikaenda na kitu ambacho mama mkwe hakukitarajia: kigari cha mtoto.

Kabla hujasema "mtoto wa mjini huyo", nisikilize. Nilijifungua kwa upasuaji na kidonda kikachelewa kupona. Daktari akanikataza kunyanyua vitu vizito mpaka atakaponiruhusu. Baba mtoto alilijua hilo, ila kwao hakumwambia mtu. "Watasema nimeoa mgonjwa," aliniambia nusu utani. Utani huo ulinikaa kooni safari nzima.

Kutoka Mwanza tulipanda MV Victoria, meli iliyoanza kazi miaka ya 1960, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020. Inasafiri usiku na kupitia Kemondo. Kigari tulikikunja, tukakilaza chini ya kitanda, na mtoto akalala kuliko sisi.

Bukoba mjini kigari kilituheshimu. Katikati ya mji kuna tambarare, na barabara za lami zinapitika. Asubuhi, kabla pikipiki hazijajaa, tulikisukuma mpaka ufukweni mwa Ziwa Victoria, upepo ukitupuliza. Tulifika Kanisa Kuu la Bukoba, alikozikwa upya mwaka 2012 Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kadinali, mwaka 1960. Sokoni ndiko tulikoshindwa. Kati ya mikungu ya ndizi na watu, gurudumu halina pa kupita. Na ukianza kupanda vilima vinavyouzunguka mji, utajua mwenyewe. Watu walitutazama, hasa walipoona anayesukuma ni mwanaume. Baba mtoto akajifanya hawaoni. Nilimpenda siku ile!

Muleba sasa. Haisi ilituchukua kuelekea kusini, kigari kikiwa kimefungwa juu pamoja na magunia. Njia nzima ni migomba, mibuni na kijani ambacho Dar huwezi kukiota. Uzuri huo una gharama yake: ukanda wa Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishuka lami, udongo mwekundu unashika gurudumu kama gundi.

Siku ya pili tukaambiwa twende kwenye kaburi la baba mkwe, chini kwenye kibanja. Kule migomba hutandaziwa nyasi na majani makavu ili udongo usikauke. Kigari kilikwenda hatua kumi, kikazama. Nikasukuma. Kikazama zaidi.

"Mama, mchukue mtoto mgongoni," mama mkwe akasema. "Au migongo ya mjini inauma?"

Mawifi wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamgeukia mume wangu, nikanyamaza. Nilishajiambia kwamba akikaa kimya, nitambeba, na kidonda kikifumuka basi.

Akaangalia chini, kisha akasema, "Mama, alijifungua kwa upasuaji na hajapona. Hatakiwi kubeba. Kosa ni langu, sikuwaambia." Akainama, akamtoa mtoto kwenye kigari, akaomba khanga.

Kicheko kikaisha. Alijifunga vibaya, mguu mmoja wa mtoto ukining'inia. Mama mkwe alimtazama akihangaika, halafu akamsogelea. "Umemfunga kama mkungu wa ndizi. Inama." Akaifungua khanga, akaifunga upya mwenyewe. Mwanangu akaenda kumsalimia babu yake akiwa mgongoni mwa baba yake.

Usiku mama mkwe alikuja kuniletea maji ya moto ya kuoga. Akasimama mlangoni. "Bado kinauma?" Nikamwambia, mara moja moja. Kesho yake hakuna aliyeniachia hata ndoo. Kigari nacho kilipata kazi: watoto wa nyumbani walikipakia ndizi kutoka barabarani, wakakileta mbio hadi uani.

Ukienda na mdogo wako, chukua kigari chepesi kinachokunjika, chenye magurudumu makubwa, lakini usisahau khanga mbili imara. Kigari ni cha mji, shambani ni mgongo. Beba kifuniko cha mvua na chandarua chenye dawa, maana malaria ipo. Kama meli huipendi, njia ya basi kutoka Mwanza imekuwa rahisi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Habari ya kusubiri kivuko pale imekwisha.

Na wewe kaka, kabla ya kufunga mabegi, piga simu nyumbani. Waambie hali ya mkeo ilivyo. Usimwachie aje ajieleze mwenyewe katikati ya migomba, mbele ya mawifi.