Kidole cha Pili

Katika shule za msingi za Stockholm kuna tangazo ambalo wazazi hulipata mapema au baadaye, aghalabu wiki chache baada ya shule kufunguliwa katikati ya Agosti. Ni fupi. Linasema kwamba chawa wameonekana darasani, na linawaomba wazazi wote wakague vichwa vya watoto wao jioni hiyohiyo. Jina la mtoto halitajwi. Waswidi wengi hulisoma kwa kuguna kidogo, kisha huenda kabatini kutafuta kitana chenye meno ya chuma, ambacho lugha yao imekipa jina maalumu, luskam. Kwa mama mmoja wa Tanga anayeishi Husby, kaskazini-magharibi mwa jiji, tangazo hilohilo lilisomeka kama hati ya mashtaka.

Si kwamba aliogopa wadudu. Kupe, papasi na kunguni aliwajua tangu utotoni, na funza aliwahi kutolewa kwa pini. Lakini chawa wa kichwani hakupata kumwona. Katika shule aliyosoma, kama katika shule nyingi za serikali za Tanzania, wasichana kwa wavulana walinyolewa hadi karibu na ngozi, na mdudu anayeishi kwa kushika unywele hakuwa na pa kushika. Kwa hiyo neno chawa lilimfikia bila mdudu wake. Lilikuja limebeba jela, vita na ufukara wa kukosa nguo ya kubadili, mambo ambayo kwa hakika ni ya ndugu yake, chawa wa mwilini, anayetaga katika mishono ya nguo na anayeweza kueneza maradhi mazito. Na katika miaka ya karibuni, katika mitaa na siasa za Tanzania, chawa amekuwa mtu: mpambe anayemnata mwenye cheo au fedha na kuishi kwa kumsifu. Waswidi, kwa upande wao, wamempa mdudu huyo kazi nyingine. Wana kitenzi luska, yaani kuchunguza mpaka ukweli upatikane, na mzizi wake ni lus, chawa yuleyule. Lugha moja ilimtazama mdudu ikaona unyonyaji. Nyingine iliitazama mikono inayomtafuta.

Binti wa mama huyu, aliyekuwa darasa la pili, alirithi nywele za upande wa baba, ndefu na za singa. Pwani ya Waswahili nywele za namna hiyo zimesifiwa vizazi na vizazi, na za kipilipili zikasemwa vibaya. Chawa ameupindua mzani huo. Huko Marekani wataalamu wa afya wameona kwamba watoto wenye asili ya Afrika hupata chawa mara chache kuliko wenzao, yamkini kwa sababu makucha ya chawa wa huko yamezoea unywele wa mviringo. Uzuri uliosifiwa na mabibi wa Tanga ndio uliomfungulia mdudu mlango.

Jambo la kwanza ambalo mama alipaswa kulitua ni lile la uchafu. Chawa wa kichwani hachagui nyumba chafu. Nywele zilizooshwa jana anazikaa kama zilizooshwa mwezi uliopita. Ni mdogo kama punje ya ufuta. Hunyonya damu mara kadhaa kwa siku, na akitengwa na kichwa hufa kwa muda wa siku moja au mbili. Hufunga mayai yake kwenye unywele, karibu na ngozi, kwa gundi isiyotoka kwa maji wala sabuni, na mayai huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Wala si mgeni wa mafukara peke yao. Mwaka 2016 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata huko Lachish, Israeli, kitana kidogo cha pembe ya ndovu, mali ya mtu mwenye nafasi. Miaka kadhaa baadaye ikagunduliwa kwamba kilichorwa herufi kumi na saba, na mwaka 2022 maandishi hayo yakatangazwa: ni dua kwamba kitana hicho king'oe chawa katika nywele na ndevu. Kina umri wa takriban miaka 3,700, na maneno yake yamehesabiwa kuwa sentensi kamili ya kale kuliko zote zilizopatikana katika alfabeti ya Wakanaani. Herufi zilipokuwa bado changa, mtu alizitumia kulalamikia chawa.

Matibabu yenyewe hayana siri. Dawa za zamani zilikuwa sumu ya wadudu, na katika nchi nyingi chawa wamezizoea. Siku hizi hupendekezwa kwanza dawa zenye dimetikoni, aina ya mafuta ya silikoni yanayomfunika mdudu na kumziba pumzi bila sumu. Hupakwa, huoshwa, kisha hurudiwa baada ya wiki moja hivi, ili kuwawahi walioanguliwa kabla hawajataga. Katikati ya siku hizo kazi ni ya kitana: nywele zilizolowa na kupakwa kondishena, karatasi nyeupe mezani, na subira. Mtoto hana haja ya kuzuiwa nyumbani matibabu yakishaanza. Haya yote mama aliyapata katika 1177, huduma ya umma ya ushauri wa afya nchini Uswidi, na kwa muuza duka la dawa aliyeyasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya mkate.

Shangazi yake, kwa simu kutoka Tanga, alikuwa na njia yake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mpake mafuta ya taa, umfunge kitambaa, alale. Asubuhi wamekwisha.”

“Yatamuunguza ngozi, shangazi, na moto ukikaribia ni balaa.”

“Haya. Na wenzio wamesemaje?”

“Wenzangu wepi?”

“Wazazi wa watoto wa darasani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Au huko Ulaya kinaweza?”

Methali hiyo imetumika mno katika hotuba za ushirika na za kampeni, hata mdudu mwenyewe amesahaulika ndani yake. Shangazi alimrudisha mahali pake. Darasa lenye watoto ishirini na watano, familia moja ikichana na ishirini na nne zikinyamaza, ni darasa litakaloshinda na chawa mwaka mzima.

Ila kusema kulikuwa na gharama. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Uswidi wana haki ya kuchagua shule, na familia hii ilichagua shule ya mjini, safari ya treni ya chini ya ardhi kila asubuhi. Katika darasa hilo watoto waliotoka vitongoji kama Husby walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mama alijua kwamba jina lisiloandikwa husomwa na kila mtu kwa namna yake, na kwamba wapo watakaolisoma kwa kutazama rangi na anwani. Aliandika ujumbe kwa kundi la wazazi: jina lake, jina la binti, na habari yenyewe bila kuficha, maana kinachotajwa mchana hakina haja ya kunong'onwa usiku. Kabla ya kuutuma alimsomea mtoto.

“Mwambie mwalimu, mama,” binti alisema. “Lakini jina langu usilitaje.”

Mama aliufuta ujumbe. Aibu yake mwenyewe angeweza kuimeza. Ya mtoto haikuwa yake kuitumia, hata kwa jambo jema. Asubuhi alimwambia mwalimu peke yake, na jioni tangazo likatoka, fupi, bila jina.

Lakini kitana kilitoa jambo jingine. Chawa haruki wala hapai. Hutambaa tu, na ili avuke kutoka kichwa hadi kichwa, nywele za watoto wawili lazima zigusane. Tangu binti ahamie shule ile, mama alimuuliza kila jioni anacheza na nani, naye alijibu, “Na wote,” jibu la mtoto asiyecheza na mtu. Sasa, akichana, aliuliza tena, kwa sababu ya chawa. Binti akataja jina moja. Kila siku baada ya chakula wasichana hao wawili hujificha chini ya meza ya maktaba, wakasoma kitabu kimoja, vichwa vimeegemeana. Mama alinyamaza muda mrefu, kitana mkononi. Mdudu aliyemfanya akose usingizi alikuwa pia shahidi kwamba mwanawe hakuwa peke yake.

Binti ndiye aliyemwambia rafiki yake, kwa wakati wake na kwa maneno yake. Mama wa rafiki akapiga simu: kwake pia walikuwapo, na ilikuwa mara ya tatu tangu mwaka uliotangulia. Jumamosi alikuja Husby na kitana chake. Alikuwa akichana kutoka utosini kwenda chini, nywele zote pamoja, na mayai ya kisogoni yalimponyoka kila mara. Mama wa Tanga alikuwa na mikono iliyozoea kusuka. Aligawa nywele mafungu manne, akapasua mistari myembamba, akaonyesha jinsi ya kupita mstari mmoja mpaka uishe kabla ya kuanza mwingine. Wakakaa jikoni, wasichana wawili juu ya vigoda, kina mama wawili nyuma yao.

Walipomaliza, yule msichana wa Kiswidi aliomba asukwe, na ushauri wa afya haukukataza, kwani nywele zilizofungwa hazigusani kirahisi. Akasukwa twende kilioni. Mama yake aliuliza maana ya jina hilo, na mwenyeji akatafuta maneno ya Kiswidi ya kulieleza: ni msuko wa haraka, alisema, unaosukwa pale ambapo jambo limetokea na hakuna wa kulikabili peke yake, basi watu wanatengeneza vichwa vyao upesi na kwenda pamoja.