Besi Ilipopotea, Tulimlaumu Mtoto



Juma hii hatutazungumza juu ya chanjo wala bustani. Tutawaelezea habari ya bafle mbili, gitare besi moja, na kosa letu sisi wenyewe. Kikundi chenye vyombo vya muziki kitapata hapa kitu cha kuchukua, na kile kisicho navyo pia.

Kwaya yetu ya wamama hapa Bukavu ina gitare besi, ampli na bafle mbili. Tulivinunua kwa kuchanga kidogo kidogo muda wa miaka miwili. Anayepiga besi ni binti ya mama mmoja wetu, yuko darasa la mwisho la sekondari.

Mwezi wa kwanza, spika ya bafle moja ilipasuka, tukaipeleka kwa fundi. Ilirudi inalia, tukalipa, tukashukuru. Lakini tangu siku ile besi ilikuwa nyembamba, kama mtu anayegonga kopo tupu. Ngoma ilisikika, sauti zetu zilisikika, lakini chini hakukuwa na uzito. Na tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ilikuwa inakaribia.

Tulianza na binti. "Vidole vyako havina nguvu." "Akili yako iko wapi?" Yeye alijibu kwa heshima: "Wamama, nikisimama karibu na bafle moja, ninaisikia vizuri. Nikirudi katikati, inapotea." Hatukumsikiliza. Siku ya posho moja aliweka gitare chini, akaenda nyumbani akilia.

Kisha tukageukia kasha. Mle mlikuwa na dola 180, makuta tunayokopeshana kwa ajili ya minervali ya watoto. Wengine walisema tuyachukue, tuongeze deni, tununue ampli mpya. Mkono wa mweka-hazina ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo.

Sisi tunaofundisha masomoni tunajua jambo moja: mtoto akikosa hesabu, humpigi, unarudi naye mstari kwa mstari mpaka pale alipopotea. Tukaomba siku tatu, tufanye vilevile na vyombo. Sheria ilikuwa moja: kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na kusikiliza.

Kwanza kable ya gitare. Tuliazima nyingine, hakuna mabadiliko. Kama ile ya kwanza ingekuwa inakwaruza tulipoitikisa, tungejua imekatika ndani.

Pili, tulipunguza sauti ya ampli, tukachomeka kaske kwenye tundu yake, tukasikiliza masikioni. Besi ilikuwa nzito, tamu kabisa! Basi gitare ilikuwa nzima, ampli nzima, na vidole vya binti pia vizima. Pale wamama walinyamaza kidogo.

Tatu, tulizima ampli, tukachomoa bafle moja, tukawasha tena. Bafle ya kwanza peke yake: nzuri. Ya pili peke yake: nzuri. Zote mbili pamoja: besi ikapotea! Namna gani vitu viwili vizima vinazaa kitu kibovu?

Fundi mwingine alitueleza. Spika inafanya kazi kwa kusukuma hewa mbele na kuirudisha nyuma. Bafle mbili zinapaswa kusukuma pamoja. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, ni kama wamama wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja, na kila mmoja ameshika mchi wa mwenzake. Sauti za chini ndizo zinaumia zaidi, kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Kamba nene ya besi inatikisika karibu mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 hivi. Bafle zikiwa karibu, mawimbi hayo yanafutana. Sauti za juu zina mawimbi mafupi, zinabaki zikichanganyika ovyo. Ndiyo maana tulisikia kopo.

Alipima kwa betri ya tochi ya volti 1.5. Bafle ikiwa imechomolewa kwenye ampli, aligusisha kidogo tu nyaya mbili za spika, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Spika nzima ilisogea mbele. Ile iliyotengenezwa ilirudi ndani. Nyaya zake mbili zilikuwa zimegeuzwa wakati wa matengenezo. Akazigeuza, kazi ya dakika kumi. Tulimlipa franka 5.000, na kasha likabaki limefungwa.

Alituachia maonyo matatu. Msifungue ampli: hata ikichomolewa, ndani kunaweza kubaki umeme wa kuumiza. Kati ya ampli na bafle tumieni kable ya spika, si ile nyembamba ya gitare, maana inaweza kupata moto. Na mkiunganisha bafle mbili za ohm 8 bega kwa bega, ampli inaona ohm 4. Someni kwanza nyuma yake kama inakubali.

Lakini somo kubwa halikutoka kwa fundi. Binti alikuwa ametupa jibu tangu siku ya kwanza: karibu na bafle moja inasikika, katikati inapotea. Ilikuwa ndiyo ugonjwa wenyewe, umeelezwa vizuri kuliko sisi wote. Sisi tuliona mtoto, tukasahau kuona masikio.

Siku ya Mungu jioni tulienda kwao, wamama sita. Hatukupeleka mama mmoja kutuombea msamaha. Kila mmoja aliomba kwa kinywa chake. Alicheka, halafu akauliza: "Sasa nikaze mkono?" Tukamwambia apige kama alivyopiga siku zote.

Tarehe 8 Machi besi ilisikika mpaka barabarani. Na katika kikao chetu tumeongeza kawaida moja: kitu kikiharibika, anayekitumia ndiye anasema wa kwanza, hata kama ni mtoto. Sisi wengine tunanyamaza mpaka amalize.